Sura ya Tano: Ngagi wa Walikale na Deni la Kuaminiwa

Swali linaloulizwa kuliko mengine yote katika milima ya Masisi na misitu ya Walikale, likiulizwa na mjane anayerudi shambani mwake, na mchungaji anayetafuta pa kulishia ng'ombe wake waliosalia, na mchuuzi anayesita kumkopesha mali mtu wa kijiji cha pili, ni hili: mtu aliyekwisha kufanyiwa khiyana na jirani yake, je, yamkini amwamini tena, na kama yamkini, aanzie wapi? Wapo wanaolijibu kwa maneno ya vitabu vitukufu, na wapo wanaolijibu kwa mithali za wazee. Mimi katika sura hii nataka kulijibu kwa kumtazama hayawani, kwa sababu hayawani wa mwituni hapumbazwi na maneno matamu wala na kiapo. Humpima mtu kwa matendo yake peke yake, na akikosea katika kipimo hicho hulipa kwa roho yake.

Farasi wa nchi za mbali

Katika Ulaya na Marekani, watu wanaotaka kujifunza habari za kuaminiana aghlabu huelekezwa kwa farasi, na hasa kwa farasi wa mwituni, kama wale wa nyika za Mongolia waitwao Przewalski, au wale mustang wa Marekani ambao ni wazao wa farasi waliofugwa wakatoroka na kuirudia hulka ya mababu zao. Farasi ni mnyama wa kuwindwa. Macho yake yamewekwa pembeni mwa kichwa ili aone hatari itokayo karibu kila upande, na salama yake yote imo katika kukimbia mapema. Basi mwenye kutaka kumkaribia hamwendei moja kwa moja akimkazia macho. Humwendea kwa ubavu, akasimama pindi mnyama ainuapo kichwa, akarudi hatua moja nyuma kabla mnyama hajalazimika kukimbia. Na baada ya kufanya hivyo mara nyingi pasipo kuchoka, farasi mwenyewe ndiye ajaye kumnusa. Hata baina yao wenyewe kwa wenyewe kuna ibra: huko Kaimanawa, katika New Zealand, majike wasio na nasaba moja lakini walioshikamana kwa urafiki, wakikunana shingo na mabega kwa meno, wameonekana kusumbuliwa kidogo zaidi na madume, na watoto wao kupona kwa wingi zaidi, kuliko majike wasio na wenzi.

Hayo ni mafunzo mazuri, nami siyadharau. Lakini farasi wa mwituni hayupo kwetu. Msitu wa Walikale ni mnene, hauna majani ya malisho yake. Na katika nchi nyingi za joto za Afrika ya kati, mbung'o na maradhi aletayo vilimzuia farasi asistawi tangu zamani. Milima ya Masisi, yenye ubaridi na majani mazuri, imekuwa nchi ya ng'ombe. Jamaa ya karibu ya farasi, yaani punda milia, yuko mbali upande wa mashariki, katika mbuga za wazi. Sisi tunaye mwalimu mwingine, naye yuko mlangoni petu.

Ngagi ni nani

Gorila, ambaye wengi katika Kivu humwita ngagi, ana jamii kadhaa. Yule wa Walikale ni wa jamii iitwayo ya Grauer, isiyopatikana mwituni popote duniani illa mashariki ya Kongo, nayo ndiyo yenye miili mikubwa kuliko gorila wote. Familia huongozwa na dume mzima ambaye nywele za mgongo wake zimegeuka rangi ya fedha, mabadiliko yanayoanza yapata umri wa miaka 12. Majike walio naye aghlabu hawakuzaliwa katika familia hiyo. Kila mmoja aliwaacha wazazi wake alipopevuka akamfuata dume aliyemchagua, na familia mbili zikikutana porini anaweza akahamia kwa mwingine, ikiwa ameona kwamba yule wa kwanza hana uwezo wa kumlinda yeye na mtoto wake.

Jambo hilo nataka msomaji alitulie kidogo, maana watu wengi wamdhaniao dume wa ngagi kuwa ni sultani jabari hawakulitafakari. Dume yule ana mwili wa kilo zinazokaribia 200, na meno yenye kutisha, lakini nguvu hizo hazimwekei jamaa karibu naye mwaka baada ya mwaka. Kinachomwekea jamaa ni kwamba hatari ikitokea yeye hubaki nyuma kati ya hatari na watoto, na kwamba saa ya mapumziko huwaacha watoto wampande tumboni na kumvuta nywele, ilhali angeweza kuwafukuza kwa mkoromo mmoja. Akifa naye hakuacha dume mwingine mzima, familia aghlabu hutawanyika, kila jike akatafuta kwa kwenda.

Iko sauti moja ambayo wafuata nyayo huijua sana. Ngagi wakila ndani ya majani marefu, hata mmoja hamwoni mwenziwe aliye umbali wa hatua chache, mmoja hutoa kooni mngurumo mzito wa chini, mfupi, wa mapigo mawili. Mwingine humjibu kutoka upande wake, na wa tatu akajibu, kisha kimya, na kula kukaendelea. Sauti hiyo haina habari mpya ndani yake. Maana yake ni kwamba nipo, na niko salama, nawe je? Familia hukaa pamoja katika kichaka kisichoonekana ndani kwa kuulizana hivyo mchana kutwa. Mume aliyekwenda machimboni akakaa miezi, na mke aliyebaki kijijini na watoto, wanajua thamani ya simu fupi ya jioni isiyokuwa na jambo lolote la kueleza. Na ndoa nyingi, kwa niyaonayo, hazivunjwi na ugomvi mkubwa, bali na kukoma kwa simu hiyo.

Kwa ufupi: ndani ya familia ya ngagi, anayekaa amekaa kwa hiari, na hiari hiyo hulishwa kila siku kwa mambo madogo.

Jinsi ngagi anavyozoeshwa

Kuzoesha ni kumfanya mnyama wa mwituni astahimili kuwapo kwa binadamu karibu naye pasipo kukimbia wala kushambulia, na pasipo kupewa chakula. Sharti hili la mwisho ni kubwa. Mnyama aliyevutwa kwa chakula hakukuamini wewe. Amekiamini chakula, na siku utakapokuja mikono mitupu utalijua hilo.

Mwaka 1959 Mmarekani George Schaller alikwenda Kabara, katika milima ya Virunga upande wa Kongo, akaanza kuwatazama gorila wa mlimani kwa njia iliyowashangaza wengi wa zama zile. Hakujificha. Alikwenda polepole, akakaa mahali anapoonekana, akawaacha wao waamue. Mwaka 1967 Dian Fossey akaanzia kazi yake pale pale Kabara, kabla ghasia za nchi hazijamwondoa na kumpeleka Rwanda. Naye akaongeza kuiga tabia zao, akijikuna, akitafuna mimea waliyoila, akitoa mngurumo ule wa kooni. Karibu na zama hizo hizo, Mbelgiji Adrien Deschryver aliwafuata ngagi wa Grauer katika mlima Kahuzi, akiongozwa na Batwa, watu wa msitu, ambao ujuzi wao wa nyayo na majani yaliyovunjika ndio uliofanya kazi yote iwezekane, ingawa majina yao hayakuandikwa kwa herufi kubwa kama lake. Mbuga ya Taifa ya Kahuzi-Biega ikaundwa mwaka 1970, na familia mbili, ya dume Casimir na ya dume Mushamuka, zikawa miongoni mwa ngagi wa kwanza duniani kutembelewa na wageni.

Kazi hiyo huchukua miaka miwili, pengine na zaidi. Watu ni wale wale, mavazi yale yale, na saa ile ile. Hukohoa kidogo au kubofya ulimi kabla ya kufika, ili ngagi wasishtukizwe. Ngagi nao hupita katika hali hizi:

– Kwanza hukimbia, wakiacha njia iliyokanyagwa ovyo na mavi mepesi ya hofu.
– Kisha dume husimama na kutisha.
– Baadaye huanza kuchungulia, hasa watoto, wakipanda miti ili wawaone vizuri hao viumbe wasioondoka.
– Mwisho hupuuza, na kupuuzwa huko ndio ushindi.

Hali ya pili ndiyo ngumu. Dume huanza kwa mlio mfupi mfupi unaoongeza kasi, hung'oa jani akaliweka mdomoni, husimama kwa miguu miwili na kupiga kifua kwa viganja, kisha huja mbio akivunja kila kilicho mbele yake, na aghlabu husimama hatua chache kabla ya kumfikia mtu. Mfuata nyayo aliyefundishwa hakimbii, kwa maana mwenye kukimbia hufuatwa. Huchutama, huinamisha macho, akajifanya anakula majani. Hajibu kitisho kwa kitisho, wala hamwachii dume uwanja kwa kutoroka. Anabaki, mdogo kuliko alivyokuwa, mpaka pumzi ya dume itulie. Na kesho yake hurudi.

Hapa ndipo nionapo jibu la nusu ya kwanza ya swali letu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na jirani aliyeumizwa hatakupokea kwa tabasamu siku ya kwanza. Atakimbia, kisha atakutukana mbele za watu. Wengi wetu tukitukanwa baada ya kwenda kutaka suluhu huona kwamba wajibu wetu umekwisha, tukasema, mimi nilijaribu, yeye ndiye asiyetaka. Mfuata nyayo wa Kahuzi angejua kwamba mtu huyo amefika hali ya pili tu, na kwamba zimebaki mbili.

Yaliyowapata walioamini

Kama sura hii ingekoma hapo ingekuwa tamu, lakini isingekuwa ya kweli. Dume Maheshe, aliyejulikana sana na wageni wa Kahuzi, aliuawa na majangili mwaka 1993. Vita vilipoingia Kivu mwaka 1996, na walinzi wa mbuga wakanyang'anywa silaha na wasaa wa kuzunguka, wenye njaa na wenye bunduki waliingia msituni, na familia zilizozoeshwa zikawa miongoni mwa zilizopata hasara kubwa kabisa, kwa sababu zilikuwa zimekwisha fundishwa kwamba mwanadamu anayekaribia si wa kukimbiwa. Katika sehemu ya juu ya mbuga, ambako mwaka 1990 walihesabiwa ngagi wapatao 258, mwaka 2000 walibaki kama 130. Katika eneo lao lote la mashariki ya Kongo, walikisiwa kuwa karibu 17,000 katikati ya miaka ya 1990. Makisio ya mwaka 2016 yalishuka hata 3,800, na hesabu mpya ya mwaka 2021, iliyofanywa kwa uangalifu zaidi, ikasema labda 6,800. Jamii hii imewekwa katika daraja la wanyama walio hatarini kabisa kutoweka.

Naomba msomaji asipite hapa kwa haraka. Wale waliowazoesha ngagi hawakuwa wadanganyifu. Waliwapenda, na wengine wao walihatarisha maisha yao kwa ajili yao. Lakini walipokea amana ambayo hawakuwa na uwezo wa kuihifadhi siku ya dhiki. Kumshawishi aliye dhaifu aache hadhari yake ni kujitwika deni, nalo deni hilo halilipwi kwa mapenzi. Hulipwa kwa ulinzi, na ulinzi huo unatakiwa uwepo hata siku ambayo aliyeleta imani hayupo.

Imani ya watu

Iko khiyana nyingine ndani ya habari hii, nayo mara nyingi husahauliwa na vitabu vya wanyama. Batwa, waliowaongoza wageni hadi kwa ngagi, waliondolewa katika msitu wao mbuga ilipoundwa na ilipopanuliwa mwaka 1975 kutoka kilomita za mraba 600 hata 6,000, ikiingia mpaka Walikale. Waliondolewa pasipo ridhaa yao na pasipo fidia ya haki. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba serikali ya Kongo ilizivunja haki zao. Basi kwa muda wa nusu karne, mahali pamoja palifanyika mambo mawili: mnyama alikaribiwa kwa subira, hatua kwa hatua, akiachiwa nafasi ya kuondoka, na binadamu aliamriwa. Anayeshangaa kwa nini wakaaji wa kando ya mbuga hawakuwa walinzi wake wa dhati wakati wa vita, jawabu lake ni hilo.

Masisi na Walikale zina kumbukumbu nyingine ya namna hii, chungu zaidi. Machi 1993 watu waliuawa sokoni Ntoto, katika Walikale, nayo mauaji yakaenea Masisi, baina ya majirani waliokuwa wakiuziana mihogo na maziwa siku za soko. Soko ni mahali ambapo mtu huenda pasipo mkuki. Ndiyo maana jeraha la Ntoto lilikwenda ndani sana. Mwaka 1998 wazee wa makabila ya Kivu ya Kaskazini walianza kukutana katika baraza lililoitwa Barza Intercommunautaire, wakisikiliza ugomvi wa mashamba na wa malisho kabla haujawa wa damu, na kwa miaka kadhaa walizuia mengi. Baraza lile lilidhoofika siasa ya kugombea vyeo ilipoliingia. Lilistawi, kwa maoni yangu, kwa sababu ile ile iliyomfaa mfuata nyayo: watu walewale, wakirudi palepale, wakistahimili kutukanwa. Likaanguka kwa sababu ile ile iliyowaangamiza ngagi, kwamba imani ilikuwapo na nguvu ya kuihifadhi haikuwapo.

Kwa ufupi: subira hujenga imani, ulinzi ndio unaoifanya kuwa halali kuiomba.

Ndjingala na wenzake

Ngagi wadogo wanaokamatwa mama zao wakiisha kuuawa, wakiokolewa, hupelekwa katika kituo cha GRACE huko Kasugho, katika Lubero, kilichoanzishwa mwaka 2009. Baadhi yao wamepewa majina ya mahali: Pinga, Itebero, Ndjingala, majina ambayo kila mtu wa Walikale anayajua barabarani. Waliokilea kituo hicho walitambua mapema kwamba binadamu, awe mwema namna gani, hawezi kumrudishia yatima huyo alichopoteza, basi wakafanya bidii ya kumtia mikononi mwa ngagi wenziwe haraka iwezekanavyo. Pinga, naye yatima, amejulikana kwa kuwapokea wageni wadogo na kuwalea kama wanawe.

Oktoba 2024 majike wanne wa kituo hicho, Ndjingala mmoja wao, walihamishiwa mlima Tshiaberimu, katika mbuga ya Virunga, ambako walikuwa wamebaki ngagi wanane tu wa mwituni. Waliwekwa kwanza ndani ya uzio ili wajifunze mimea ya pale na ubaridi wake. Dume wa mwituni aitwaye Mwasa akawajia kando ya uzio, wakasikilizana, na hatimaye wakaenda naye. Aliyepoteza kila kitu kwa mkono wa binadamu ameweza kuamini tena, lakini hakurudishiwa imani hiyo na wale waliomwumiza, wala hakulazimishwa kuwapenda. Alirudishiwa na wa jamii yake, mbali kidogo na macho yetu, na ilichukua miaka mingi.

Siku moja nyuma

Katika Walikale yenyewe, sehemu ya Nkuba, tangu mwaka 2012 shirika lenye jina la Dian Fossey hufanya kazi pamoja na familia zenye ardhi kwa urithi wa mababu, na vijana wa vijiji vile ndio wafuata nyayo. Ngagi wa Nkuba hawakuzoeshwa. Vijana hufuata njia yao wakiwa nyuma kwa siku moja: huvikuta viota walivyolalia jana, huvihesabu, hupima mavi ili wajue umri wa aliyelala, na wakiokota katika kiota unywele wa rangi ya fedha hujua kwamba hapa alilala baba wa nyumba. Wanajua idadi yao, chakula chao, na mwendo wao, na ngagi hawajaombwa waache kuogopa mtu. Katika nchi ambayo bunduki bado zinapita msituni, mimi naona hiyo ndiyo adabu kubwa kuliko zote zilizotajwa katika sura hii.

Mwanzoni mwa mwaka 2025, kambi kubwa za waliokimbia vita zilizokuwa pembezoni mwa Goma zilivunjwa, na maelfu ya watu wa Masisi wakatakiwa kurudi makwao kwa muda wa siku chache, katika vijiji ambavyo hawakujua ni nani aliyemo. Nawasihi wenye madaraka, na wenye mashirika, na wahubiri, na kila mwenye sauti inayosikilizwa: msiwaambie watu hawa waamini, mpaka muwe mmekwisha kuweka mtu wa kuwalinda usiku, na mmewaachia njia ya kuondoka ikiwa mlinzi huyo hakuja.